Kaka Aminieli, Rudi Hata Bila Fulana

Kaka yangu mpendwa Aminieli,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu popote ulipo wewe bado ni mkubwa wangu, na kwa sababu hapa nyumbani wapo walioanza kukutaja kama mtu asiyeamkiwa tena. Anwani yako sina. Ningekuwa nayo, nisingeileta barua hii gazetini, kila mtu aisome huku anakunywa chai yake. Lakini nimebakiwa na njia hii tu. Labda utakuwa umekaa kwenye kibanda cha kinyozi mahali fulani, Nairobi, Nakuru, au hata hapa karibu Mererani, utashika gazeti la juzi na kuona jina lako.

Unaukumbuka mwaka ule kiwanda kilipopata wenye mali wapya? Mliitwa uwanjani, majina ya wanaoachishwa yakasomwa, na jioni ukarudi Makumira unaisukuma baiskeli yako badala ya kuipanda. Miaka yote ulikuwa unakwenda nayo mjini asubuhi na kurudi nayo jioni, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Siku ile uliisukuma njia nzima. Ukaiegemeza ukutani, ukakaa barazani, na hapo barazani ukabaki mpaka wapita njia wakaacha kushangaa. Kahawa nayo haikuwa na bei. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakachota punje kiganjani, wakatikisa kichwa na kuondoka. Mama alikuwa anakuletea loshoro, yale mahindi ya maziwa uliyoyapenda, kwenye bakuli, akirudi anakuta maziwa yameganda juu.

"Aminieli, kula basi mwanangu."

"Nitakula, mama."

Hukula. Ulikonda mpaka shati la kazini likawa linaning'inia. Mama alikuwa anaingia jikoni, anafungulia maji ili tusimsikie analia, na sisi tulimsikia.

Mimi wakati huo nilikuwa nakata waridi kwenye shamba la maua Usa River. Nikitoka kazini napita mbele ya duka la Mangi, yule Mchaga wa baiskeli na vipuri, aliyekuwa wa kwanza pale kufunga dishi juu ya paa. Julai ile alikuwa anaonyesha mashindano makubwa ya baiskeli ya Ulaya, yale ya wiki tatu, ambayo kila siku wanakimbia kipande kimoja cha safari, leo tambarare, kesho milimani, na anayeongoza kwa jumla anavaa fulana ya njano. Mangi, kwa kutafuta wateja, alikuwa ametunga shindano lake. Kila asubuhi unaandika kwenye kikaratasi waendeshaji watatu unaobashiri kwamba watatangulia siku hiyo, unakitumbukiza kwenye kopo la biskuti, na jioni pointi zinaandikwa ubaoni kwa chaki. Atakayeongoza mpaka siku ya mwisho ya milima angepewa baiskeli ya mashindano iliyokuja kwenye kontena la mitumba.

Nilikuja kukwambia barazani.

"Kaka, kumbe kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli."

"Nani kakudanganya?"

"Twende ukaone."

Ulinitazama muda mrefu, kama mtu anayeamshwa na asiyemjua. Kisha ukauliza viatu vyako viko wapi.

Hakuna siku nilizozipenda maishani kama zile. Julai yetu unaijua, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, Mlima Meru hauonekani hata mara moja kwa wiki, watu wamevaa makoti ya mitumba wanapuliza viganja. Na sisi tumejazana dukani tunatazama wanaume waliochomwa na jua wanapita katikati ya mashamba ya alizeti. Majina yao yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Mwitaliano mwembamba mwenye shingo ndefu ulimwita Twiga. Yule mnene, hodari wa kufyatuka mita za mwisho kwenye tambarare, tulimwita Kifaru. Yule aliyekuwa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kuanza tulimwita Mchungaji, mpaka Mangi akatukumbusha kwamba huyo lazima ni Mkatoliki kama yeye, tumwite Padri. Ukacheka. Mimi nilitazama pembeni ili usinione machozi, maana sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kiwandani wasome majina.

Tulibashiri kwenye karatasi moja, jina lako na langu. Siku za tambarare uliniachia mimi, za milimani ukachukua wewe. Asubuhi kabla sijaenda kazini tulikaa jikoni tunabishana hadi chai inapoa, na mama anatusikiliza huku anamenya ndizi.

"Weka Kifaru," nilikuwa nasema.

"Kifaru mlimani? Huyo leo atasukuma kama mimi siku ile."

Ulisema hivyo, kaka. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, uliitaja siku ile kwa mzaha. Mama aliacha kumenya. Na siku hiyo ulimaliza bakuli ukaomba jingine.

Mpinzani wetu alikuwa Lomayani, dereva wa lori la maua, yule anayepeleka waridi uwanja wa ndege Nairobi. Alikuwa akirudi safari anaingia dukani na vumbi lake, anauliza kwa sauti, "Wameru wangu mmenipita?" Ubaoni mara sisi juu, mara yeye. Ikabaki siku ya mwisho ya milima, na kabla yake Twiga akaanguka. Tulimwona wote, goti limechanika, amekaa barabarani anashangaa. Watu wakamfuta kwenye karatasi zao. Asubuhi iliyofuata ukamwandika wa kwanza.

"Kaka, yule ameumia."

"Ulimwangalia alivyopanda tena? Mabega yalitulia. Mtu akichoka mabega ndiyo yanacheza. Mimi nimepanda kilima cha kurudi nyumbani miaka yote, najua."

Jioni ile Twiga alipotoka peke yake kwenye ukungu wa mlima wao, duka zima lilisimama. Ulikuwa umeshika mkono wangu na umeubana mpaka pete yangu ikaniumiza. Ulikuwa unamwambia kwa Kimeru, polepole, kama unamwongoza ng'ombe mtelemkoni. Alipovuka mstari, Lomayani ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubeba juu. Tulirudi Makumira na ile baiskeli ya bluu, matairi membamba kama kidole, na mama akaizunguka na kuuliza, "Sasa hii itabeba hata mkungu wa ndizi?" Tulicheka wote watatu, tukashindwa kuacha.

Baba mdogo hunilaumu hadi leo kwamba ni mimi niliyekupeleka kwa Mangi, na kwamba bila Mangi ungekuwa hapa. Sijuti, kaka. Siku zile zingerudi leo, ningekupeleka tena. Ulikuwa unakufa pale barazani na sisi tunakuona.

Ulianza kupanda njia ya Ngurdoto kila alfajiri. Ulirudi umelowa, unanukia mvua, unakula kama wanaume wawili. Lomayani akaleta habari kwamba Nairobi kuna kampuni zinaajiri waendeshaji na kuwavisha fulana zao, na mbio zao ziko wazi kwa yeyote. Hukusikia kitu kingine tena. Asubuhi uliyoondoka, dukani kwa Mangi walitoka nje kukuaga, na ukawaambia mbele ya wote, "Mkiniona tena, mtaniona nimevaa fulana." Mama alikushika shavu, akakwambia neno moja tu, "Urudi." Ukainama, ukapanda, ukaenda.

Salamu zako zilitufikia mara moja tu, kwa mdomo wa Lomayani. Umefika, una mahali pa kulala, mbio ni Jumapili. Baada ya hapo, kimya.

Yaliyokupata niliyajua kidogo kidogo, na ninakuandikia ili ujue kwamba ninayajua. Lomayani aliuliza kule. Waliokuwepo wakamwambia kwamba wenzako walikuwa na magari nyuma yao, na watu wa kuwapa maji, na magurudumu ya akiba, na kwamba walikuacha kabla hata mji haujaisha. Wakamwambia hukutoka njiani kama wengine walioachwa. Uliendesha njia yote peke yako, na ulipofika walikuwa wanashusha mabango na kupakia viti, na vijana waliokuwa wanapakia wakacheka. Lomayani aliponisimulia alikuwa amesimama mlangoni kwetu, kofia mkononi. Yule mwanaume mzima alilia, kaka. Hakucheka mtu hapa. Nataka unisikie vizuri, hakuna aliyecheka.

Nimekutafuta. Nilimwomba Lomayani kiti cha mbele, nikaenda Nairobi nisikokujua. Niliingia hospitali, nikaingia vituo vya polisi, nikaingia na kule ambako wanakufunulia shuka na kukuuliza, "Ndiye?" Kila mara nilisema siye, nikaenda kwingine. Wakati wa kurudi, pale Namanga, niliiona baiskeli yako. Mtu alikuwa amefunga makopo ya maziwa pande zote mbili. Niliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa.

"Umeitoa wapi hii?"

Alinitazama, hakuwa mtu mbaya. "Nimenunua, mama. Kwa mtu mrefu, wa huko kwenu Arusha, ana kovu mkononi. Alikuwa mpole. Alishika usukani kwanza, akaachia, akashika tena."

"Akaelekea wapi?"

"Alisimama hapo barabarani muda mrefu, anatazama upande wa kwenu. Nikaenda kuhudumia wateja. Nilipogeuka hayupo."

Kwa hiyo ulifika Namanga. Ulikuja mpaka mpakani, umeelekea nyumbani, halafu ukashindwa kuingia. Jambo hili ndilo linalonila. Kama ungepotelea mbali ningesema dunia imekuchukua. Lakini ulikuwa umekaribia hivyo! Ulirudishwa na neno moja ulilolisema kwa Mangi mbele ya watu, ambao leo ukiwauliza hawalikumbuki hata kidogo. Mangi mwenyewe ameacha baiskeli, anaonyesha mpira tu. Ubao wa pointi ameufanya wa kuandikia bei ya sukari.

Miaka imepita. Siku hizi kuna simu za mkononi hata Usa River, na kila ninapoona mtu anaongea nayo barabarani ninawaza ungekuwa na namba yetu. Kisha nakumbuka kwamba hatuna namba.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Ukoo umekaa. Baba mdogo amesema haiwezekani shamba la mtu likae bila mwenyewe, na jina lake lisemwe nusu nusu, si hai si marehemu. Jumamosi ijayo wanakufanyia ibada, na baada ya ibada watazika nguo zako kando ya kaburi la baba, chini ya migomba. Mchungaji alikubali ibada ya kukuombea tu, kaburi alilikataa. Baba mdogo akasema kaburi ni la ukoo, si la usharika. Fundi ameshatengeneza msalaba. Nimeuona, uko kwenye karakana yake Daraja Mbili, umepakwa rangi nyeupe. Jina lako wamelipatia, tarehe wameiacha wazi.

Nilipiga kelele kwenye kile kikao mpaka wakaniambia nitoke. Nilijua mama ataungana na mimi. Jioni nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Mama, wakatalie. Wewe ukikataa hawawezi."

Hakunitazama. Akasema, "Naomi, mimi nimekubali."

"Umekubali nini? Aminieli yuko hai!"

"Sijui kama yuko hai. Wewe unajua?" Akakaa kwenye kigoda. "Kila geti likilia nainuka. Usiku nainuka, kanisani nainuka. Nimechoka kuinuka, mwanangu. Nataka nilie kama watu wengine wanavyolia, wanipe pole, yaishe."

Amekwisha mwili, kaka, ukimwona utamdhania bibi. Leo asubuhi ametoa shati lako la kazini, amelifua, amelianika, amelipiga pasi ya mkaa, ili lizikwe safi. Alipofika kwenye kola akasimamisha pasi hewani, akabaki hivyo. Niliitoa mkononi mwake nikamalizia mimi. Mimi ndiye niliyekunyooshea shati la kuzikwa, na bado naamini unapumua. Niambie mtu anaishije na vitu hivyo viwili.

Sikuombi uje na kitu. Usije na zawadi, usije na maelezo. Njoo na nguo uliyovaa. Ukiona aibu ya barabarani, shukia Usa River gizani, pita kwa nyuma, kwenye mfereji. Kama huna nauli, mtafute dereva yeyote wa lori la maua, mtajie Lomayani, atakuleta. Kama una mke huko, njoo naye. Kama unaumwa, njoo unaumwa.

Na kama gazeti hili litakufikia Jumamosi imeshapita, usigeuke tena njiani. Njoo vilevile. Utakuta kando ya baba kuna udongo mpya na msalaba mweupe wenye jina lako. Usiogope, na usiulize mtu. Ung'oe. Jembe liko nyuma ya jiko. Halafu gonga mlango, mama yupo.

Nakuaga huku nakungoja,

Mdogo wako,
Naomi