Panya wa Ghanim na Samli ya Shangazi

Jumatatu, 2 Machi 1936
Mamake Hamud alikuja kuniangalia. Akanishika mkono, akaugeuzageuza kama anachagua mhogo sokoni. Akamwambia shangazi Mauza mimi mwembamba mno, ninenepeshwe, atarudi tarehe ishirini. Akinikuta bado hivi, mwanawe ataoa kwingine. Basi niombe nini tena? Hamud ana umri wa marehemu baba!
Lakini shangazi ameshanunua kopo zima la samli.

Alhamisi, 5 Machi
Samli kwenye uji. Samli kwenye wali. Shangazi amenifunga uzi mwekundu mkononi, juu ya kiwiko — ukinibana, niko tayari. Tayari umeanza kunibana. Naogopa.
Kaka Ghanim analisha panya kwa daktari Mzungu wa serikali. Leo ametusimulia: eti ndani ya mafuta mna asidi fulani, daktari ameitenga. Panya wanaopewa wanakula sawa na wenzao, lakini mafuta mwilini yanawaisha. Shangazi akacheka, akasema serikali imekosa kazi. Mimi sikucheka.
Chupa za asidi anazoambiwa atupe, Ghanim huzileta nyumbani, shangazi atilie siki. Chini huwa kumebaki kidogo.

Jumapili, 8 Machi
Nimekunywa. Kama kijiko kimoja. Ladha ya sabuni.

Jumamosi, 14 Machi
Kila siku sasa. Chupa naziosha mwenyewe, shangazi ananisifu kwa bidii. Uzi umelegea! Shangazi kaukazia macho, kasononeka, kaongeza samli. Namhurumia. Yeye ananitakia mema.

Alhamisi, 19 Machi
Kesho mamake Hamud anarudi. Uzi unateleza mpaka kwenye kiwiko. Ningefurahi.
Mchana Ghanim alirudi hana hamu ya kula. Daktari amewapasua wale panya wembamba. Mafuta chini ya ngozi hakuna, ni kweli. Lakini maini yao — makubwa, ya njano, mafuta yamejaa humo. Shangazi akamkataza kusimulia hayo kwenye chakula.
Nikauliza, kama mzaha tu: panya akiachishwa asidi, ini lake hupona? Akasema hajui, hawajamwachisha hata mmoja.
Akautazama uzi mkononi mwangu. Akainuka, akaenda uani.
Nimejifungia chumbani, naandika. Nasikia chupa zinagongana. Anazigeuza moja moja. Sasa anamwuliza shangazi ni nani huziosha.