Neno la Mjomba

Rudewa, Kilosa
14 Machi 1977

Kaka yangu Melkizedek,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Ulaya haikuumizi kifua. Sisi tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini shambani anakwenda. Naandika mtoto mchanga akiwa mgongoni, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Barua yako juu ya utafiti wako niliwasomea wote. Unasema kompyuta zako tatu ziko miji mitatu, zinatunza hesabu moja, na hakuna inayoandika jambo jipya kabla hazijakubaliana. Moja ikinyamaza, nyingine hazijui kama imekufa au ni waya tu umekatika. Babu Tomasi alicheka, akasema kumbe hata mashine za Wazungu zina kikao cha ukoo, akauliza ipi kati yao ndiyo mjomba.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita Agnesi wangu aliumwa na kifutu tukipalilia shamba la kijiji. Sumu haikumuua, lakini mguu ukaanza kuoza. Daktari pale Kilosa akasema vidole vikatwe upesi. Baba yake alikuja kutoka kazini Mikumi, akasema yeye hana kipingamizi. Ila unajua kwetu: mtoto ni wa ukoo wa mama, na kisu hakimgusi bila neno la mjomba. Mjomba ni wewe peke yako.

Nikakutumia simu ya maandishi. Kimya. Nikatuma ya pili. Babu akasema tusubiri, Melki hawezi kumtupa mpwa wake, na mama akamuunga mkono. Kila nilipofungua kitambaa, weusi ulikuwa umepanda. Daktari akaacha kutaja vidole, akawa anataja unyayo. Kikaoni nikauliza mashine za kaka zinafanyaje moja ikinyamaza. Babu akanijibu kwamba mashine haina mpwa.

Kaka, sitazunguka. Kesho yake nilikwenda posta, nikarudi nikawaambia simu yako imefika na umekubali. Nilisema uongo kwa jina lako. Babu akanishika kichwa, akamshukuru Mungu, na siku hiyo hiyo tukampeleka mtoto. Wamekata chini ya goti. Anakula, analala. Jana ameniuliza mguu utaota lini, nikamwambia anyamaze ale uji.

Kwa nini hukujibu, hilo utanieleza ukija. Ninachotaka leo ni hiki: Babu anakuandikia kukushukuru. Usimjibu kwamba hukusema. Si kwa ajili yangu, mimi hata wakinitenga nitalima. Ni kwa Agnesi. Wakijua alikatwa bila neno la ukoo, kila homa atakayopata wataiita ya mguu ule, na siku ya posa hakuna atakayesimama naye. Jibu kwamba ulikubali. Tena ukubali kwanza moyoni, halafu ndiyo ushike kalamu, maana Babu si mjinga, atakusikia.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko unapata mboga. Baba Agnesi naye salamu nyingi. Mpwa wako anakuamkia. Ameng'ang'ania nimwandikie hapa mbele ya macho yake: shikamoo mjomba.

Akulinde Mungu, na kalamu yako aiongoze.

Mdogo wako,
Lea, mama Agnesi