Simu Niliyoiacha Ikiwaka

Jumanne, 14 Juni 2005

Siwezi kutulia. Natunza vielelezo hapa kituo cha polisi, nikadhani kuichaji simu ya Athumani kila siku ndiyo kuitunza.

Athumani ni dereva, yuko rumande kwa wizi wa chai. Anadai alibipiwa tu, ishara ya kwenda Mazinde kupakia mzigo, na namba ya aliyembipu imo humo.

Leo mtaalamu kutoka Dar ameifungua. Orodha ya simu zisizopokelewa inashika namba kumi tu. Zote ni za ndugu zake wa Bungu, wanaombipu kila asubuhi ajue hawajamsahau. Namba ya aliyempa kazi ya Mazinde imesukumwa nje.

“Afande, nani aliiacha ikiwaka?” mkuu wa kituo ameniuliza.

“Sijui, mkuu,” nimemjibu.

Kampuni ya simu inayo kumbukumbu, lakini haitoi bila maelezo ya maandishi jinsi namba ilivyopotea.

Nimeandika mstari wa kwanza: Ni mimi.