Shali ya Hansa

Westlands,
9 Februari 2004

Kwa Mama Kihara,

Hujambo, na watoto hawajambo? Natumaini magoti hayakusumbui kama yanavyonisumbua mimi. Huku kwetu si kuzuri. Mzee wangu Viraj alifariki mwezi uliopita, moyo ulisimama tu, na kesho yake tukamchoma kama desturi yetu ilivyo. Rohan alikuja kutoka Leicester huko Uingereza, akakaa wiki mbili, akauza nyumba. Tarehe 30 Aprili natakiwa kupanda ndege nikaishi kwake.

Najua unajiuliza mwanamke huyu anataka nini baada ya miaka thelathini na miwili. Tobias, askari wetu wa getini, anaishi Riruta, na ndiye aliyekutafuta mpaka akakupata kupitia watu wa kanisa lenu.

Wewe ulikuwa yaya wa Hansa. Alipofariki alikuwa na miezi mitano, na kwetu mtoto mchanga hachomwi, anazikwa, na mama yake haendi. Asubuhi ile ya mvua Viraj alimbeba, wewe ukaingia naye garini, mkarudi saa nane mna matope mpaka magotini. Nilimwuliza amemlaza wapi. Akasema, "Mahali pazuri." Nimemwuliza maisha yangu yote na akanijibu hivyohivyo. Sasa hayupo wa kuulizwa ila wewe. Siwezi kwenda Ulaya bila kujua nimemwacha mwanangu wapi.

Nijibu, tafadhali.

Mama Rohan


Waithaka,
24 Februari 2004

Mama Rohan,

Salamu nimezipokea. Mimi nipo, ila moyo umechoka na miguu inavimba, nameza vidonge kama njugu. Pole kwa kumpoteza mzee.

Kiswahili chako bado ni kile nilichokufundisha jikoni tukichambua dengu. Hujakisahau, na mimi sijasahau. Siku ya tisa baada ya mtoto kwenda, uliniuliza iko wapi shali yake nyekundu, ile uliyomfumia kwa mkono wako. Nilinyamaza. Ukaniita mwizi mbele ya mpishi, ukanitoa kwa mlango wa nyuma na Kihara wangu mgongoni. Mume wako alikuwa amesimama palepale barazani, anatazama viatu vyake.

Mwizi ataulizwaje mambo ya nyumba aliyofukuzwa? Maji yakimwagika hayazoleki. Niache nizeeke.

Mama Kihara


Westlands,
29 Machi 2004

Mama Kihara,

Hujambo? Moyo unaendeleaje? Hii ni barua ya tatu tangu uniandikie. Tobias anasema unazipokea, unamshukuru, unafunga mlango.

Nilikosea. Mtoto alikufa nikatafuta mtu wa kulaumu, na wewe ndiwe uliyekuwa karibu. Kama uliichukua shali, basi uliichukua, hata ungechukua nyumba nzima nisingekuwa na haki ya kukuita vile. Naomba unisamehe. Na kama huwezi kunisamehe, nitukane, lakini nitukane ukiniambia na mahali alipo.

Wiki hii nilikwenda kwenye makaburi ya watoto wa jamii yetu. Karani alifungua daftari la 1972, akapitisha kidole Aprili yote. Hansa hayumo. Nikatembea kati ya vile vikaburi mpaka viatu vikajaa udongo, nikawa naita jina lake kama mtu aliyepotelewa na paka. Watu walinitazama. Sina aibu tena. Mwezi uliobaki ni mmoja tu.

Mama Rohan


Waithaka,
Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili 2004

Mama Hansa,

Najua hakuna aliyekuita hivyo kwa muda mrefu. Hujambo? Mimi naandika nikiwa kitandani, miguu imekuwa kama mihogo.

Nilinyamaza kwa sababu niliapa. Sasa niliyemwapia amekwenda, na jana kanisani nilishindwa kuimba. Hansa yuko kwangu.

Siku ile Viraj alisimamisha gari tulipofika Kawangware, akashindwa kuendelea. Alisema hawezi kumwacha mtoto kati ya watu asiowajua. Akaniuliza, "Kwenu kuna nafasi?" Mama mkwe wangu alikuwa hai bado. Kwetu maiti ya mgeni haiingizwi shambani ovyo, lakini alimfunua mtoto, akamtazama, akasema mtoto mchanga si mgeni wa mtu. Viraj alichimba mwenyewe akiwa na suti yake. Hapakuwa na jeneza. Alikuwa amemfunga kitambaa cheupe tu, na mvua ile ilikuwa na baridi. Nilikuwa nimeitia shali kwenye mkoba wangu, nikaitoa nikamfunika. Huko ndiko iliko. Juu yake tukapanda mche wa muringa, urefu wa mkono.

Aliniapisha nisikuambie, eti ungekuwa unakuja kulia hapo kila siku. Uliponiita mwizi nilimtazama nikingoja aseme neno. Hakusema.

Sasa sikia ubaya wake. Kihara anajenga vyumba vya kupangisha kwenye kona ileile, kwa kuwa ndiyo inayotazama barabara. Fundi ameshapigilia vigingi. Mwezi wa tano muringa unakatwa. Njoo Jumapili.

Mama Kihara


Westlands,
19 Aprili 2004

Dada yangu,

Umeamkaje? Jana nilikuacha umechoka, pumzi inakata, na bado unanilazimisha ninywe uji.

Nilidhani nitakuta kaburi. Nikakuta mti unaopita paa la nyumba yako, umejaa maua meupe na nyuki, na chini nyasi tu, na mbuzi wa jirani anakula. Nilipoweka mkono kwenye shina nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi labda dakika kumi. Halafu nikaiona kamba ya fundi imepita palepale chini ya miguu yangu.

Hukuyasikia niliyozungumza na Kihara kule nje. Nilimsihi. Hakunivunjia heshima. Alisema, "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini hapa hakuna jiwe, hakuna msalaba, hakuna hata karatasi. Kila mtu akikuja kunionyesha mti anasema ni kaburi, mimi nitajenga wapi?"

Afadhali ningeondoka bila kujua. Nimempata mwanangu ili amwagiwe zege nikiwa hai. Rohan anasema kwa simu kwamba aliyekufa amekufa. Siku kumi na moja, dada yangu. Nifanye nini?

Mama Hansa


Waithaka,
26 Aprili 2004

Mama Hansa,

Nakusalimu. Pumzi ni fupi, kwa hiyo na barua itakuwa fupi. Daktari hakunificha, na mimi sikufichi.

Nimefikiri. Kihara ana haki kwa jambo moja. Kaburi la mtoto lisilo na jiwe mtu yeyote atalivunja. Kaburi la mama yake hatalivunja, na hapa Waithaka hakuna fundi atakayekubali kuchimba msingi juu ya mama wa mwenye ploti. Kwa hiyo nitalala pale mimi, ubavuni mwa Hansa, bila jeneza na bila saruji, na blanketi langu la buluu, kama alivyolazwa yeye. Mti usiguswe.

Nimemwambia Kihara. Amesema ni ugonjwa unaosema. Yeye anataka anizike karibu na lango, jeneza liwe la vioo, watu waone kwamba mama alipendwa. Ananipenda kweli, kichwa tu ndicho kigumu, na kichwa hicho alikirithi kwangu.

Wakinipeleka langoni, simama uwasomee barua hii. Mimi Waithera, mama yake Kihara, nimeyasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Na wakikucheka Kiswahili chako, waambie mwalimu ni mimi.

Dada yako,
Mama Kihara


Westlands,
16 Mei 2004

Dada yangu,

Barua hii Tobias hana pa kuipeleka. Nakuandikia kwa sababu ilikuwa zamu yangu kujibu. Hali yako sikuulizi, jana niliiona.

Baada ya barua yako sikupanda ndege. Nyumba si yetu tena, nimehamia kwa jirani yangu Jasleen, na kila siku nilikuwa namngoja Tobias getini nikiogopa atakachosema. Jumapili iliyopita alikuja amevua kofia.

Jana nilifika kwako saa nne. Shimo lilikuwa langoni, limeshapakwa saruji, na jeneza lina vioo kama ulivyosema. Mchungaji alipofungua kitabu nilisimama na sari yangu nyeupe. Nikasoma yote. Nilipofika pale pa mwalimu, wanawake wa kanisa lenu walicheka huku wanalia.

Kihara aliomba aione barua. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Aliandika mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akavua koti, akachukua jembe, akaenda kwenye muringa. Vigingi aliving'oa kwanza.

Hakukubali mtu mwingine achimbe. Shimo lilipofika kiunoni akakutana na mzizi mnene kama paja, umekatiza shimo lote. Jeneza lisingepita. Akaomba panga. Dada, sijui nguvu nilizipata wapi, nilipiga magoti ukingoni nikamshika mkono. Nilimwambia, "Huo usikate. Huo ndio mwanangu."

Akasimama humo shimoni muda mrefu, panga mkononi. Halafu akanipa panga, akasema, "Nileteeni blanketi ya mama."

Alichimba chini ya mzizi akakutengenezea nafasi. Wanawake walikutoa kwenye jeneza, wakakufunga, wakakushusha, na yeye akakupokea kwa mikono yake akakulaza kwa ubavu, umeelekea kwa Hansa. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nilitia udongo kwa mikono miwili mpaka kucha zikauma. Nililia kwa ajili yako, na mwishowe nikalia kwa ajili ya Hansa, mahali penyewe.

Kabla ya udongo mvua ilikuwa imeanza, na blanketi halikufika miguuni. Nilivua shali yangu nikampa Kihara. Akakufunika miguu.

Leo asubuhi Rohan alipiga simu. Tiketi mpya ni ya Ijumaa, na safari hii sina sababu ya kukataa, na hilo ndilo linaloniua. Alinisikia nakohoa, akauliza kwa nini sijifuniki, shali yangu iko wapi.

Nimemwambia iko Waithaka. Haikuibiwa.

Dada yako,
Mama Hansa