Nilipomwambia Mwenyekiti Akae Kitako

Jumanne, baada ya Isha

Nimemwambia mwenyekiti wa halmashauri, "Kaa kitako, nimalize kusema," naye akakaa. Mtoto niliyemwogesha mwenyewe, angefanyaje? Madiwani wenzangu wakaangua kicheko.

Kumbe kanuni yasema akisimama yeye, sote tukae. Sasa ataka niombe radhi kesho mbele ya baraza, la sivyo nitolewe kabla ya kura ya kufungua zahanati ya kwetu mpakani.

Mimi, nimwombe radhi yule?

Lakini mjukuu wangu Mwanaidi ni mja mzito, tumbo limeshashuka, na mvua ikianza barabara ya kwenda hospitali haipitiki. Naogopa.

Haya, nitamwita mheshimiwa na kichwa nitainamisha. Ila tukitoka nje, shikamoo yangu naitaka, tena kwa sauti.