Lango la Ndama

Dada mpendwa Chepkoech,

Jambo hili sijamwambia mtu hapa Litein: ni mimi niliyesahau kufunga lango la ndama. Ndama alitoka mbio hadi barabarani kwenye matope, na Mwalimu Michiko, yule Mjapani aliyepanga kwa shangazi, akamkwepa akaanguka na pikipiki. Mkono wake wa kulia umefungwa plasta.

Kinachonichanganya ni kwamba yeye ndiye aliyeomba msamaha. "Mama, samahani, nimetisha ndama wako." Shangazi alicheka mpaka akaketi. "Aii, wewe ndio umevunjika mkono, na ni wewe tena unaomba msamaha?" Majirani wote walisema pole. Nami nikasema pole, ikapotea ndani ya zao.

Unajua Mwalimu hunifundisha Kijapani jioni. Sasa tunasoma maneno ya ajali, na mfano ni ajali yake. Daijobu desu ka, uko salama? Jana nilimwuliza kwao husemaje, "Ni kosa langu." Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelalia upande: Watashi no sei desu. Nilisema mara tatu nikitazama daftari. "Vizuri sana, Chelangat!" akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Sasa sijui, je, nimeungama au nimesoma tu? Nafikiri nimesoma tu. Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia kwa Kiswahili, shangazi akisikia.

Mvua ya hapa haikosi alasiri. Mpe mama salamu zangu, lakini kadi hii usimwonyeshe. Nimeitia kwenye bahasha ili hata watu wa posta wasisome. Tafadhali, dada, ibaki kwako.