Sahihi Alizozikusanya Mama

Marquette, Michigan
Aprili 9

Kaka Curtis,

Pokeeni salamu zangu, wewe, wifi Denise na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu huko kwenye joto la Arizona. Huku theluji bado imelala barazani, na mimi nina hasira hata chakula hakipiti. Nivumilie.

Uliniuliza kwenye simu Mama alivunjikaje nyonga, nikakujibu kwamba aliteleza tu. Si hivyo tu.

Unamjua Seneta Haldane, yule tajiri wa mahoteli. Januari alitangaza kwamba amechoshwa na vyama vyote viwili, na huenda akagombea urais kama mgombea binafsi, iwapo wananchi watamtaka. Kutaka kwenyewe kunaonyeshwa kwa sahihi za wananchi, maelfu kwa maelfu, ndipo jina lake liingie kwenye karatasi ya kura. Mimi nikaajiriwa kusimamia ofisi yake hapa mjini. Alipokuja, alikaa mkahawani karibu na Mama, akala kipande cha pai ya nyama kwa mkono kama sisi, akamwambia kwamba watu wa migodini wamesahauliwa. Mama, ambaye hajapiga kura tangu Baba afe, akarudi nyumbani akiwa na kalamu na kibao chenye karatasi za kukusanyia sahihi.

Kila siku alisimama nje ya duka la vyakula, miaka sabini na minne, pua nyekundu kwa baridi. Mzee Toivo, jirani yetu, alimtania kwamba Haldane ana ndege tatu na Mama ana gari lisilowaka, sasa ni nani amsaidie mwenzake. Mama akamjibu, "Toivo, tia sahihi, maneno utamalizia nyumbani." Akatia. Walitia watu mia nne na kumi na wawili, wengi wao kwa sababu tu wanamwamini Mama, Aili Heikkinen.

Machi kumi na saba aliteleza kwenye barafu, palepale dukani. Siku tatu baadaye, Mama akiwa kitandani hospitalini, tukamwona Haldane kwenye televisheni. Alisema ametafakari sana na familia yake, hatagombea, anamuunga mkono mgombea wa chama kilekile alichokuwa akikitukana. Alikuwa anatabasamu. Wiki hiyohiyo magazeti yakaandika kwamba ameahidiwa uwaziri. Nilitaka kuivunja ile televisheni.

Mama hakulia. Aliomba karatasi, akaanza kuandika majina anayoyakumbuka, akasema akiweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu atapita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Yeye aombe radhi, Curtis. Yeye. Yule mwizi hajaomba hata kwa barua.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Machi tatu, wiki mbili kabla Mama hajaanguka, meneja wa Haldane alinipigia simu. Aliniambia Haldane hagombei, mazungumzo na chama yanaendelea vizuri, ila sahihi zizidi kumiminika ili wakubwa wa chama waendelee kuogopa. Akaniambia, "Funga mdomo, Lorna, nafasi yako Washington ipo." Nikaufunga. Kila asubuhi nilimfunga Mama skafu shingoni, nikampeleka dukani kwa gari langu.

Juzi alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu, tumedanganywa sote wawili." Nikaitikia, ndiyo Mama.

Kazi ya Washington nimeikataa, lakini sikuandikii ili unisifu kwa hilo. Jumamosi nitamweleza kila kitu. Nakuomba uje. Usije kunitetea. Njoo ili siku hiyo awe na mtoto mmoja anayeweza kumtazama usoni.

Wabusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mama anawasalimu wote, hajui ninachoandika.

Ni mimi dada yako,
Lorna